Mzigo wa Mzee wa Salaita

Hii haikutokea kwa jirani wala kwa binamu ya mtu. Ilitokea mbele yangu, mimi Kimanzi, mpakiaji wa soko la Voi. Na uliza Voi nzima, hakuna mtu amewahi kubeba kama mimi. Magunia matatu ya mahindi kwa mpigo mmoja, na bado napiga mluzi.

Jioni hiyo tulikuwa tunatafuta tu maji ya rejeta ya gari.

Tulikuwa watatu: mimi, Obadiah mwenye gari, mtu wa Wusi huko Taita, na Kasyoki anayeuza nyanya pale sokoni. Tulitoka kutembea kama watalii, kuona kilima cha Salaita, mahali Mwingereza na Mjerumani zamani walipigania mpaka wa nchi, ile vita ya kwanza ya dunia. Tulianzia makaburini. Wazungu wamelala kwa nyasi imekatwa vizuri, kila mtu na jina lake kwa jiwe.

"Na wale waliowabebea risasi?" Kasyoki akauliza.

"Babu ya baba yangu alikuwa mmoja," Obadiah akasema. "Walimtoa Wusi kwa nguvu. Kaburi lake ni hivi vichaka vyote."

Nikawaambia mimi ningebeba risasi za Mwingereza na za Mjerumani, zote pamoja.

"Kelele," Kasyoki akacheka. "Juzi kreti moja ya nyanya zangu, ukasema mgongo."

Tukirudi, gari likachemka chini ya kilima. Jua linazama. Tukachukua jerikeni, tukafuata njia ya ng'ombe. Sote. Hakuna aliyetaka kubaki garini.

Ndipo nikasikia miguu.

Watu wengi... elfu moja, naapa. Wanakohoa. Wanaburuta nyayo. Lakini aliyetokea kwa miiba alikuwa mzee mmoja tu. Kichwani kasha la mbao, limefungwa kamba. Shingo imezama mabegani. Na harufu... kama kiberiti kimezimwa kwa kidonda.

Akasimama mbele yangu. Mimi, si mwingine.

"Nipokee, mwanangu."

Huku kwetu mzee akikukuta na mzigo, humwachi aombe mara mbili. Unampokea, unatembea naye kidogo. Hata mtoto wa miaka sita anajua.

Mikono yangu haikupanda.

"Obadiah," nikanong'ona. "Mpokee mzee. Wewe ndio wa nyumbani."

"Si wewe ndio mwenye nguvu?" Kasyoki akanong'ona.

Obadiah alikuwa ameshasonga. "Pole na safari, mzee. Lete." Akalipokea kwa kichwa.

Mzee akanyooka. Shingo yake ikalia kama kuni mbichi kwa moto. Hakusema asante. Alitoa machozi, kama mtu amefunguliwa jela, akarudi kwa miiba. Ile miguu yote huko ndani ikaanza kutembea tena.

Tukamgeukia Obadiah.

Hakukuwa na kasha.

Kichwani hakuna kitu. Lakini mikono iko juu, imeshika hewa, na shingo inashuka... inashuka...

"Jamani," akasema. "Ni mzito."

Sasa ni mwezi wa tatu tangu jioni ile. Picha ya hospitali inaonyesha mifupa ya shingo imekanyagana. Wachungaji wameomba mpaka sauti zimekauka. Mikono haishuki. Analala ameketi, anasema akiuangusha mzigo askari watamchapa. Mkewe, Elsie, aliniuliza ilikuwaje. Nikamwambia Obadiah alikimbilia mwenyewe. Kasyoki alikuwa hapo akisikia. Tangu siku hiyo hanisalimii.

Mara ya mwisho nilipoenda Wusi, Obadiah aliniambia polepole, "Kimanzi, nipokee dakika moja tu. Nikune pua."

Nikasema naenda choo, narudi. Nikapitia katikati ya mahindi, nikapata bodaboda mpaka Mwatate.

Jana Elsie alinipigia. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Ben, mtoto wao mkubwa anayefanya kazi Mombasa, alikuwa njiani kuja kumwona babake. Hajaambiwa kitu.

"Nimwache aingie?" Elsie akauliza. "Unamjua Ben. Nilimlea vizuri, hakatai mzigo wa mzee."

Nikamwambia network ni mbaya. Ningesema ukweli, angejua ni mimi nilimsukuma Obadiah.

Halafu nikasikia mlango huko kwake, na sauti ya mwanaume, ya furaha.

"Hodi! Baba yuko wapi?"

Nikakata simu.