Mume Aliyetoka Kichakani

Regina alijua kuna kitu hakiko sawa pale mumewe alipompa pole.

Alikuwa ameinama uani akipuliza moto. Thadeo akaingia kutoka shambani, akaegesha mashine ya kufyekea ukutani, akasema, "Pole na kazi, mke wangu." Kisha akachukua ndoo, akaenda kuchota maji. Regina akabaki na moshi machoni, ameduwaa. Kwa miaka kumi na mitatu ya ndoa, Thadeo hakuwahi kumpa pole hata siku Regina alipofiwa na mama yake. Siku hiyo aliuliza chakula kitaiva saa ngapi. Na hiyo ndoo, hakuwa anajua hata inakaa wapi.

Tuseme ukweli, Thadeo alikuwa mwanaume wa hasara. Alitoka Mikumi, akaoa Kisanga, akahamia ukweni, akawa anakula shamba la ukoo wa mkewe huku akilisema vibaya shamba hilohilo. Jembe lilimuuma mgongo. Panga lilimtoa malengelenge. Manyunyu yalimpa mafua. Kiti peke yake ndicho hakikuwahi kumdhuru.

Ndipo rafiki yake wa Mikumi akamwazima mashine. Ilikuwa na matairi mawili, injini ya petroli, kisu kipana chini ya bati, na mikono miwili kama ya pikipiki ambayo mtu huishika akitembea nyuma yake. Basi, kichwa kikavimba. Akawa anavaa miwani ya plastiki hata barazani. Wakwe zake, watu waliomlisha, akaanza kuwaita "watu wa mapanga."

Shamba la kufungua lilikuwa limelala miaka sita, majani yamempita mtu kimo. Katikati yake kulikuwa na kichaka walipozikwa mabibi wa kwanza wa ukoo wa Regina. Kichaka hicho kilikuwa na taratibu tatu tu, hata mjinga angezishika. Mume aliyeoa pale haingii. Kingo zake hupunguzwa na watoto wa ukoo wenyewe, kwa panga la mkono. Na saa saba mchana kila mtu huweka chini chombo chake cha kazi, kwa sababu saa hiyo wenyewe waliozikwa humo hupita.

Mzee Lukasi, mjomba wake Regina, alimweleza kwa upole. Thadeo akacheka.

"Mjomba, hii ni injini. Haijui saa saba wala saa nane."

"Injini haijui. Wewe je?"

"Mimi ni mtaalamu."

Mtaalamu huyo, kwa uvivu wa kubana vidole, alikuwa amekifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli kile kishikio ambacho ukikiachia kisu husimama. Mashine ikawa haihitaji tena mkono wa mtu. Saa saba kamili Regina alisimama pembeni na bakuli la ugali, akamwona anaingia nayo kichakani huku akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Ngurumo ya injini ikaendelea, ikazunguka humo ndani, ikazunguka tena, haikukohoa hata mara moja. Kisha mashine ikatokea upande wa pili, Thadeo yuko nyuma yake, miwani hana. Kichaka kilikuwa kimesimama vilevile, hakuna tawi lililoguswa. Regina akasonya, akadhani mtaalamu ameogopa akakizunguka, akaacha chakula chini na kwenda zake.

Jioni hiyo ndiyo aliyopewa pole.

Siku zilizofuata Thadeo aliamka kabla ya jogoo. Akafyeka, akang'oa visiki, akatengeneza mlango wa choo uliokuwa umelala chini tangu masika ya mwaka juzi. Majirani wakamsifu. Regina naye, tusifiche, alianza kunawiri. Lakini mume huyu hakuwa na jasho. Aling'oa kisiki juani na shati likabaki kavu. Mboga yenye chumvi hakuigusa. Mwili wake ulinuka majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi, akioga ananuka, akilala ananuka, na usingizini vidole vyake vilijikunja juu ya shuka kama vimeshika mikono ya mashine.

Siku ya tisa Regina alimfuata shambani mchana. Alipokaribia hakusikia injini, akadhani mtu amepumzika, lakini majani yalikuwa yanalala chini mstari baada ya mstari mbele ya mashine inayotembea kimya, na mumewe nyuma yake, na ilipompita karibu akaona mfuniko wa tangi haupo na ndani ni kukavu, buibui amekwisha kutanda, na kabla hajajua akimbilie wapi akasikia kutoka kichakani sauti aliyoijua kuliko zote, imekauka, inakwaruza, na bado imejaa lawama.

"We Regina! Maji! Unaniacha huku nife kwa kiu, mwanamke gani wewe?"

Mumewe alikuwa humo, hai. Na huyu aliyekuwa akimpikia na kulala naye kitanda kimoja, hakujua ni nini.

Mzee Lukasi akamwita mganga Ashrafu kutoka Kilangali, mtu wa maneno machache.

"Shikamoo, mzee," Regina alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Ashrafu alimsikiliza mpaka mwisho, akatazama nje kama kuna mtu anayesikia, kisha akanong'ona. "Amebadilishwa. Kesho saa saba, wewe mkewe utamwita mara tatu, kwa kumtaka. Huyu mwingine atakosa nguvu, atatoka. Lakini ukimwita kwa mdomo tu, mara ya tatu njia inaziba. Hatarudi tena."

"Kwa kumtaka?" Regina aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mke na mumewe. Kuna ugumu gani?"

Kesho yake walisimama hatua tano kutoka kichakani, ubani unafuka katika chetezo. Hakuna ndege aliyelia. Yule mwenye sura ya Thadeo alisimama nyuma yao, akisubiri kwa adabu.

"Thadeo!"

Matawi yakatikisika. Harufu ya majani mabichi ikajaa mpaka kooni.

"Thadeo!"

"Umeleta chakula gani?" sauti ikajibu, karibu sasa. "Na huyo mjomba wako mwambie kosa ni lake. Hakunieleza vizuri. Haraka, mwanamke!"

Regina akafumba macho. Alimhurumia, hilo ni kweli. Hata mbwa hastahili kufungiwa humo. Lakini huruma sicho alichoagizwa. Akatafuta moyoni kitu kingine, siku moja, neno moja, cheko moja la zamani, akapapasa kila kona, na kila kona akakuta dharau, dharau ya miaka kumi na mitatu aliyokuwa akiikusanya bila kujua, na akaogopa kuliko alivyoogopa tangu mambo haya yaanze, kwa maana sasa alikuwa anajiogopa mwenyewe.

"Thadeo!" akaita kwa nguvu zote. Masikio yake mwenyewe yalisikia. Ndivyo mtu anavyomwita mbuzi aliyekula mboga za jirani.

Ashrafu akainama, akazima chetezo. Hakumtazama usoni.

Nyuma yao, kile kiumbe kilishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Siku zote hizi nimekaa na hofu," kikasema taratibu. "Nilidhani unampenda."

Kisha sauti ikatoka tena kichakani, chini kabisa, na kwa mara ya kwanza haikuwa na lawama.

"Regina? Bado upo?"

Alikuwepo, hatua tano tu kutoka pale.