Inchi Mbili za Kukua

Kila alasiri, Raudha alivua sare ya shule, akaswali, akala, kisha akaenda kwenye kiwanda kidogo cha ushonaji cha mama yake, Bi Somoe, pale Kibamba. Mama alipima wateja kwa futi na kutaja namba, Raudha akaziandika kwenye daftari. Alianza kazi hiyo akiwa darasa la tatu, na sasa alikuwa la sita.

Katika sare za watoto, Bi Somoe alikuwa na desturi yake. Akishapima, aliongeza inchi mbili kimoyomoyo kabla ya kutaja namba.

"Mtoto haamki na mwili wa jana," alikuwa akisema. "Sare imfikishe mwakani, inshallah."

Raudha alilijua hilo. Farhan, fundi mkataji, alilijua. Hakuna aliyewahi kuliandika popote.

Mwezi ule Bi Somoe alinunua kishikwambi chenye programu ya mafundi. Ukiingiza vipimo vya mteja, kinakuchorea jinsi ya kukata kitambaa. Lakini vidole vyake havikukizoea, akamwita Tupokigwe, binti wa jirani aliyekuwa akijifunza kompyuta shuleni.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," alimwambia. "Wewe Raudha, shona vifungo."

Mwanangu! Raudha alivuta kopo la vifungo kwa nguvu. Tupokigwe alikuwa akigusa kioo kwa kidole kimoja, na mama akimsifu, "Ona mikono ya mtoto huyu ilivyo myepesi, mashallah." Raudha hakukumbuka siku aliyosifiwa hivyo. Alijichoma sindano, wala hakuna aliyeuliza.

Kazi iliyokuwepo ilikuwa mashati thelathini ya shule moja kule Wazo. Shule ilileta kitambaa chake, tena cha kutosha tu, na mashati yalitakiwa Jumatatu. Bi Somoe alipotoka kwenda kununua nyuzi, Tupokigwe aligeuka.

"Raudha, hizi namba za daftari ni za mwili wenyewe? Maana humu programu inaongeza inchi mbili za kukua yenyewe."

Raudha aliacha kushona. Jibu alikuwa nalo mdomoni. Kisha akaitazama meza aliyozoea kuandikia, na mwenzake alivyokaa pale kama bibi harusi.

"Za mwili wenyewe," akasema. "Ingiza tu."

Kesho yake, Jumamosi, Farhan alikuwa ameshakata mashati sita na kushona moja, la Hija, mtoto wa jirani anayesoma shule ile. Wakamwita aje kulijaribu. Mabega yalimwangukia, na mikono ya shati ikamfunika vidole.

"Hija, umo humo ndani?" Farhan akauliza. Hija akacheka, lakini Bi Somoe hakucheka.

"Farhan, miaka yote hii ya kukata, hukuona?"

"Niliona, Bi Somoe. Macho yaliniambia ni kubwa. Nikasema mie nani nibishane na kompyuta?"

Bi Somoe alikizima kishikwambi. "Kinarudi dukani leo hii. Na wewe Tupokigwe, mama, nenda nyumbani. Kosa ni langu kumpa mtoto kazi ya watu wazima."

Tupokigwe alisimama. "Nisamehe, Mama Raudha. Niliuliza…" Akamtazama Raudha. Hakumtaja.

Hicho ndicho Raudha alichokiomba tangu jana: Tupokigwe aondoke. Mbona sasa moyo ulikuwa mzito? Yeye alimdanganya mwenzake, na mwenzake alikuwa anamfichia aibu.

"Mama, mie ndiye," akasema, machozi yakimtoka. "Aliniuliza kama inchi mbili zimeshaongezwa, nikamdanganya. Nilimwonea wivu."

Bi Somoe aliketi.

"Mwombe radhi. Si mimi, yeye."

Raudha aliomba radhi mbele ya wote. Tupokigwe alijifuta macho, akawasha kishikwambi na kuondoa nyongeza ile. Raudha akamsomea daftari upya, jina kwa jina. Farhan alifumua shati la Hija, akayapunguza yale sita, na vipande vilivyobaki vikatosha kutoa mifuko. Jumapili jioni mashati thelathini yalikuwa yamepigwa pasi na kukunjwa.

Ndipo Bi Somoe akamweka binti yake karibu.

"Na mimi nina kosa," alisema. "Nilileta chombo kipya, sikukaa na watu wangu kuwaambia kila mmoja ana kazi gani. Ujuzi wetu niliuacha vichwani mwetu, nikadhani chombo kitauona. Chombo hakioni, Raudha. Kinajua kile tu tunachokiambia, na ukikiambia uongo, kitaukata uongo huo kwenye kitambaa cha watu. Mwenzio akisifiwa, sifa zako hazijapungua. Wivu ulikufanya uwe tayari kumwangusha Tupokigwe, na nyuma yake tungeanguka sote: mimi, Farhan, na watoto thelathini wasiokujua hata jina. Mungu amekujalia kuujua ukweli. Ukiulizwa, useme."