Mgongo wa Bibi

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa umefurika siku ile, watu wanakanyagana miguu bila hata kuombana radhi, na kila meza ina kelele zake. Mchoraji alikuwa amesimama kwenye kona ya mashine za zamani, mikono kifuani, akimtazama mwanamume mmoja akifa. Alikuwa ameshakufa mara nne. Kila akimfikisha mchimba makaburi wake na sepetu lake kwenye chumba cha juu cha kasri, anatokea Bibi, marehemu mwenye gauni la kijani, anamtoa roho, na gemu inaanza upya.

Mwanamume mwenyewe alivaa shati jeupe lililopigwa pasi upande wa mbele tu.

"Huyu bibi ana dharau," alisema bila kugeuka. "Tangu chuoni nacheza naye, hajawahi kunipa mgongo hata siku moja."

"Hana mgongo wa kukupa."

"Kwa nini?"

"Haukuchorwa."

"Na wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye ambaye sikuuchora."

Hapo aligeuka, na kwa kugeuka akafa mara ya tano. Hakujali. Alimtazama yule dada mwenye gauni la kijani lenye kola ndefu, kisha akatazama skrini, kisha akamtazama tena. Gauni lilikuwa lile lile.

"Nimelishona mwenyewe," mchoraji alisema, akaona haya.

"Basi nina habari mbaya. Jumatatu naanza kazi kwenye kampuni yenu. Wameniita niliingize kasri kwenye 3D. Mtu ataweza kumzunguka Bibi pande zote."

"Watu wamenizunguka vya kutosha," alijibu, na wote wawili wakacheka.

Ofisini kila mtu alimwita Bibi, kwa kuwa ndiye aliyemzaa yule marehemu kwa kalamu yake, gemu ya kwanza hadi ya sita, zote za kwenda kulia na kushoto tu. Mgeni wakamwita Fundi. Haikupita miezi miwili, jina la Bibi likapata mkia.

"Haloo, bibi yangu," Fundi alisema asubuhi moja kwenye simu.

"Bibi yako mzaa nani?"

"Mzaa watoto wangu, Mungu akipenda."

"Una maneno wewe! Niko kwenye ngazi, njoo."

Alikuwa akiitwa kwa kazi maalumu. Zipu ya lile gauni la kijani ilikuwa ndefu, mgongo mzima, na ilikwama vidole viwili kabla ya kufika juu, mahali ambapo mkono wa mwenye gauni haufiki. Mchoraji aliishi peke yake. Siku za gauni hilo alifika kazini na mtandio mabegani, akasubiri kwenye ngazi, Fundi akaja kuimalizia. Chini kidogo ya shingo alikuwa na alama nyeusi ya kuzaliwa ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona.

"Ipo kweli, au unanidanganya?"

"Ipo. Nikifunga zipu inajificha. Ndiyo maana sipendi kuifunga."

Mapenzi yana watu wake, na hawa walikuwa watu wake. Siku moja mchoraji alimshika Fundi mkono akamwambia, "Niahidi kitu kimoja. Usimguse bila mimi."

"Nani?"

"Bibi. Mgongo wake nitauchora mwenyewe."

"Nakuahidi."

Lakini mgongo haukuja. Kila wiki alichora, akachana. Sijui aliogopa nini. Pengine mtu akishaonekana pande zote hana tena pa kujificha. Bosi akaanza kupiga simu. Fundi akawa anamwambia bosi "kesho," na mchoraji naye anamwambia Fundi "kesho," na hakuna aliyemweleza mwenzake ukubwa wa jambo.

Alhamisi moja, adhuhuri, mchoro ulikamilika. Mchoraji aliutia kwenye faili akapanda ngazi mbili mbili. Mlango wa Fundi ulikuwa wazi nusu, na Fundi alikuwa kwenye simu.

"Bibi? Nimechoka naye, kusema kweli. Ukimtazama kwa ubavu ni mzuri, sikatai. Lakini ukimzunguka hamna kitu, bapa tupu. Nimevumilia vya kutosha. Ndiyo, nimeshapata mwingine. Leo leo namtoa. Hapana, sijamwambia. Nitaanzaje?"

Kiswahili chetu hiki kina hila. Mtu ni yeye, na picha ya mtu ni yeye vilevile. Mchoraji alisikia kila neno, na kila neno likamkaa mwilini kana kwamba lilikatwa kwa kipimo chake. Nimechoka naye. Nimeshapata mwingine. Hakusukuma mlango. Alishuka ngazi na faili lake, akapita mapokezi, akapita geti.

Simu iliita mara kumi na saba. Alijibu ujumbe mmoja tu: "Mpigie huyo mwingine." Kisha akabadilisha laini, akahamia kwa dada yake. Siku ya tatu Fundi akafika pale.

"Mdogo wangu," dada mtu alisema, "mtu wa watu amesimama mlangoni saa nzima. Anasema ana swali moja tu."

"Mwambie nimesafiri."

"Kiatu chako kiko pale mlangoni, anakiona."

"Mwambie nimesafiri bila viatu."

Dada mtu alikwenda akasema hivyo hivyo. Hakuna aliyecheka.

Miaka miwili baadaye mchoraji alikuwa mwalimu wa sanaa katika shule ya wasichana. Jumamosi moja mchana, shemeji yake alirudi na gemu mpya na kelele nyingi.

"Shemeji, njoo umwone bibi yako! Sasa anazungukwa!"

Alikuja anafuta mikono. Kasri lilikuwa zuri kuliko alivyolichora, lina vivuli na vumbi, ngazi unaweza kuziinamia ukaona chini. Bibi alikuwa amesimama dirishani kwenye chumba cha juu. Shemeji akampitisha mchimba makaburi polepole nyuma yake.

Gauni la kijani. Zipu ndefu, imekwama vidole viwili kabla ya kufika juu. Na chini kidogo ya shingo, alama nyeusi.

"Wamesahau kumfunga zipu," shemeji alisema.

Mchoraji alikaa chini palepale kwenye zulia. Maneno yale ya mlangoni yakaanza kurudi moja moja, na safari hii yalikwenda kwa mwenyewe, yule wa karatasi, yule bapa, na yule mwingine ndiye huyu wa dirishani. Alilia kwa sauti, na shemeji wa watu akazima gemu akidhani ni yeye amekosea.

Namba ya Fundi haikuwa imebadilika.

"Haloo?"

"Ni mimi."

"Bibi," alisema Fundi. Mkia haukuwepo.

Walipanga mkahawa wa karibu na benki, saa nne asubuhi. Mchoraji alilitoa gauni sandukuni. Siku hizi alikuwa ameifunga zipu uzi, wa kuivutia mwenyewe. Asubuhi ile aliukata. Aliivuta hadi pale inapokwama, akaiacha, na mtandio hakuvaa.

Fundi alikuwa amekonda kidogo. Shati lilipigwa pasi mbele na nyuma.

"Ulikuwa mlangoni?" alisema baada ya kusikia yote.

"Na mchoro mkononi."

Alifunika uso. "Si ungeingia! Neno moja tu. Ungeniuliza, 'Bibi yupi?'"

"Na wewe si ungeniambia? Uliniahidi hutamgusa bila mimi."

"Bosi alinipa hadi Ijumaa. Niliogopa. Nilijua utalia."

"Ningelia, ndiyo."

"Ningekubembeleza. Yangekwisha siku ile ile."

Mchoraji alitoa faili. Fundi aliutazama ule mchoro wa miaka miwili, muda mrefu.

"Wako zipu imefika juu," alisema.

"Wangu ulikuwa umeshaifunga."

Ndipo alipoiona pete. Fundi alikuwa akiizungusha kidoleni bila kujua.

"Lini?"

"Mwezi wa nne. Ni mtu mwema. Kitu kikimkera, ananiuliza hapo hapo."

"Anajua ule mgongo ni wa nani?"

"Aliuliza. Nikamwambia."

Chai ilipoa, wakazungumza habari za shule na za kazi, kama wanavyozungumza watu waliomaliza. Fundi akamsukumia faili. "Huu ni wako." Mchoraji akalichukua, akasimama, akamgeuzia mgongo. Hakupiga hatua. Alijiambia anatafuta mkoba, na mkoba ulikuwa begani. Alisikia kiti kikisukumwa nyuma yake, akafumba macho.

"Dada," Fundi alisema.

Hakuwa anamwita yeye. Alikuwa anamwita mhudumu aliyekuwa anafuta meza ya pili.

"Samahani, hebu msaidie mwenzako zipu. Haijafika juu."

Mhudumu aliweka kitambaa chini, akakausha vidole kwenye aproni, akaivuta mara moja, kwa nguvu.

"Haya, dada yangu, imefika."

"Asante," mchoraji alisema, akatoka.