Shoka Kwenye Skrini ya Watoto

Yowe la kwanza lilitoka kwa mtoto mwenye bandeji kichwani.

La pili likatoka kwa mama yake.

La tatu, wadau, sitawaficha... lilikuwa langu!

Kwenye skrini ya ukumbi wa kusubiri wa kliniki ya watoto, skrini niliyoitundika mwenyewe asubuhi ile nikiwa ndani ya shati la kuazima, lilitokea bango la filamu: mwanamume kashika shoka linalovuja damu. Chini yake wamekaa watoto kumi na wawili, wamekuja kuchagua katuni ya mchana.

"Zima!" akafoka Matroni, mkuu wa wauguzi wote pale.

Nikabonyeza kwa pupa. Likaja bango jingine. Mwanamke hana macho!

"Wewe kijana, unataka kuniulia wagonjwa?"

Nikachomoa waya ukutani. Ukumbi mzima vilio tupu.

Sasa tulieni niwaeleze. Ofisi yetu ina watu watatu tu. Mama Bosi. Mimi, wananiita Mdomo, sababu mtaijua wenyewe. Na binamu yangu, tunamwita Spana, maana akishika kitu hakiachii mpaka kikaze.

Ile skrini haina filamu hata moja tumboni. Inauliza hazina ya filamu iliyoko mtandaoni: nipe orodha, zinazopendwa zaidi zitangulie, daraja la umri liwe la watoto. Masharti hayo unayoyabandika kwenye swali ndiyo tunayaita vigezo. Wiki mbili za majaribio zilikuja katuni tupu, tamu kabisa.

Siku ya kukabidhi... shoka!

Na wenye nywila ya kugusa ile programu ni wawili tu. Mimi na Spana. Na jana yake tulikwaruzana, kisa nilimwambia Mama Bosi kazi yote nimefanya mimi, jina lake nikalimeza.

Hesabu ikajipiga yenyewe kichwani.

"Ni Spana!" nikasema mbele ya Mama Bosi, Matroni na wazazi wote. "Ametuchezea makusudi!"

Spana alikuwa anakuja upande wangu, ngazi begani. Akasimama pale pale.

"Spana, ni kweli?" Mama Bosi akauliza.

"Muulizeni anayejua kila kitu."

Akaegemeza ngazi ukutani. Akatoka.

"Mnaona? Anakimbia!"

Mama Bosi hakupandisha sauti, na hapo ndipo anapotisha. "Spana yuko kwenye majaribio ya kazi. Kama ni yeye, kesho asije. Lakini saa tisa alasiri niletee ushahidi. Si mdomo. Ushahidi."

Nikarudi ofisini mbio. Hata sijakaa, simu. Shangazi, mama yake Spana. Ndiye aliyenilea, na mpaka leo tunalala chumba kimoja na huyo binamu kwake.

"Mwenzako kaja saa hizi, kalala chali anatazama dari. Umemfanya nini?"

"Shangazi, niko kazini."

"Na yeye si alipaswa kuwa kazini?"

Nikakata. Miguu haitulii chini ya meza. Nakaa, nasimama, nakunywa maji, nakaa tena.

Nikalifungua swali letu. Daraja la umri: la watoto. Lipo! Nikalituma. Filamu 9,412, za kutisha ndani yake.

Nikaweka daraja la watu wazima. Filamu 9,412.

Eh?

Nikaweka MBUZI.

Jamani, niliandika MBUZI pale kwenye daraja la umri! Filamu 9,412, wala haikulalamika. Inapokea kigezo changu, inakitupa, inaniletea orodha ile ile kwa adabu zote.

Nikafungua maelezo ya hazina. Mnataka kujua yanasema nini? "Daraja la umri: herufi. Si lazima." Mwisho. Ndugu yangu, hata karatasi ya dawa ya kikohozi ina maneno kuliko hayo!

Saa nane na robo.

Nikarudisha daraja la watoto, kisha vile vigezo vingine vya "si lazima" nikaanza kuvijaribu kimoja kimoja. Lugha ya maandishi... 9,412. Mwaka... zinapungua, lakini shoka limo. Nikautoa mwaka. Nchi...

318.

Nikasogea mpaka pua inakaribia kioo. Sungura. Tembo. Treni linaloongea. Shoka hakuna!

Nikarudisha MBUZI. Sifuri! Sasa imemwona mbuzi!

Ndipo nikaelewa. Kila nchi ina madaraja yake ya filamu, na herufi zake. Usipoitajia hazina unatumia madaraja ya nchi gani, haijui herufi yako ni ya wapi. Na badala ya kukwambia, inanyamaza na kulitupa sharti lako. Zile wiki mbili zilikuwa likizo, katuni ndizo zilizopendwa zaidi, zikakaa juu zenyewe. Asubuhi ile imetoka filamu mpya ya shoka, ikapanda kileleni.

Nikaruka juu. Halafu nikakaa polepole.

Maana swali moja lilibaki. Nani hakuweka nchi?

Nikafungua kumbukumbu ya mabadiliko. Mwezi uliopita: Spana, ameongeza kigezo cha nchi. Sababu hakuandika.

Wiki mbili zilizopita: nchi imefutwa. Pembeni kuna maneno, "Nimeondoa takataka."

Na jina...

Langu!

Nikakumbuka. Nilidhani ni nchi ilikotengenezwa filamu. Nikasema sisi tunataka za dunia nzima, huyu Spana anatubania nini? Nikafuta, orodha ikarefuka, nikajipongeza.

Saa tisa kamili. Mama Bosi mezani, Matroni kwenye simu.

"Ushahidi umepatikana," nikasema.

"Nani?"

"Mimi."

"Sijakuuliza nani kaupata."

"Ndiyo, Mama. Ni mimi niliyeharibu."

Matroni akadakia kwenye simu: "Kumbe aliyekimbia pale asubuhi ni akili yako."

Nikaenda nyumbani kwa miguu, nusu natembea nusu nakimbia. Spana bado chali.

"Binamu, ni ile nchi."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Bango lilipotokea tu. Nilikuwa nakuja kukunong'oneza. Ukaninyooshea kidole."

"Sasa si ungesema!"

Akageuka ukutani. "Uliniuliza? Hukuuliza, Mdomo. Ulitangaza."

Shangazi alikuwa mlangoni, kashika kiuno. "Mahali pote ulipomchafua, utapita kumsafisha. Pote!"

Kliniki nimekwenda. Nimesimama mbele ya wazazi, nimesema. Skrini inafanya kazi, na pembeni ya kila kigezo sasa kuna mstari unaoeleza kipo kwa nini. Spana ameidhinishwa kazini. Mimi ananisalimia kwa "habari" moja kavu, anakaa.

Bado sehemu moja.

Mnakumbuka posti yangu ya Jumanne, siku ile ile ya shoka, humu humu, "Ndugu wa damu kanimaliza"? Niliiandika kabla hata sijafungua programu. Maoni mia tatu! Mkamwita nyoka, mkamwita mchawi, kuna mmoja akaomba namba yake amtukane vizuri. Spana yumo humu kundini. Alisoma yote.

Yule mliyemtukana ndiye huyu Spana. Hana kosa.

Hazina iliponinyamazia nikadhani imekubali. Binamu aliponinyamazia nikadhani amekiri. Kote kuwili nilijijibu mwenyewe, na jibu likawa langu. Ukinyamaziwa, uliza tena. Uliza vingine. Mjaribu hata kwa mbuzi!

Ile posti sijaifuta. Nimeongeza juu yake jina la mkosaji, langu kamili, na namba yangu.

Yule aliyetaka kutukana vizuri, simu iko wazi.