Muuzaji Aliyekulia Kila Kambi

Mimi ni Gaudensia. Nalima maharage na mihogo hapa Gashoho, Muyinga. Watu wananiita Mama Fredi, kwa sababu Fredi ni mtoto wangu wa kwanza. Najua nasema sana. Lakini haya nitayasema polepole, maana nusura yanipotezee mtoto.

Fredi alizaliwa Tanzania, katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Tuliporudi nyumbani alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake tulimzika kulekule. Kambini mtu akiugua, gari lilikuja kumchukua. Hapa kilimani kwetu gari halifiki. Mgonjwa analazwa katika ingobyi, machela yetu iliyosukwa, yenye miti miwili ya kubebea. Wanaume wanne wanaiweka mabegani, wanashuka nayo hadi kituo cha afya. Wengine wanafuata nyuma wakingoja zamu. Kila nyumba inatoa mwanaume. Nyumba yetu ilikuwa na mmoja tu.

Siku ya kwanza ya Fredi kubeba, alikuwa na miaka ishirini, na mgonjwa alikuwa mzee Gervasi. Gervasi ni mzito wa mwili, na mdomo wake ni mkali. Kwenye mteremko bega la Fredi lilishindwa. Ingobyi ikalala upande. Gervasi akashikilia miti ya ingobyi kwa mikono miwili.

"Yooo! Nani amenipa huyu mtoto wa posho ya kambini?" alipiga kelele. "Naumwa mguu, sasa anataka na shingo!"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Fredi hakucheka.

Tangu siku ile alikuwa mtu wa simu. Akimaliza kupalilia, simu. Akimaliza kula, simu. Alijaza saruji kwenye makopo mawili, akayaunganisha kwa bomba la chuma, akawa ananyanyua nyuma ya nyumba. Hilo halikunisumbua. Kijana anyanyue, kuna ubaya gani?

Kisha shati likaanza kumbana. Mashavu yakajaa. Akawa anajitazama katika kioo na kutabasamu.

"Mama, unaona? Nanenepa."

"Naona," nikamwambia. "Lakini mbona unahema hivyo? Umetoka kisimani tu, hukutoka mjini Ngozi kwa miguu."

Jumamosi, nikifua suruali yake, nikakuta kichupa cha vidonge mfukoni. Kilikuwa na picha ya mwanaume mwenye mikono minene kama mapaja yangu. Nikamwita, nikamwekea kichupa mkononi.

"Hii ni nini, Fredi?"

"Dawa ya misuli, mama. Nimenunua kwenye simu, ikaja kwa basi. Nimeimeza siku kumi. Na kuna ya sindano pia, ile ndiyo kali. Naianza Jumatatu."

"Sindano! Nani atakuchoma?"

"Nitajichoma mwenyewe. Muuzaji amenieleza."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Muuzaji huyo unamjua?"

"Ni mwenzetu, mama. Ni mtoto wa Mtabila kama mimi. Hawezi kunidanganya."

Hapo hata mimi nililegea. Ninyi ambao hamkuishi kambini hamwezi kujua. Mtu akikuambia alisimama kwenye foleni ya unga pamoja na wewe, unamfungulia mlango kabla hujamwuliza jina.

Lakini mashavu yale hayakunipendeza. Nikamchukua Fredi sokoni, kwa Namegabe. Namegabe ni Mkongo wa Kivu ya Kusini. Anauza vitenge, na wateja wengi anawapata kwa simu. Mambo ya kuuza na kununua kwa simu anayajua vizuri.

"Leta hiyo simu, petit, mtoto wangu," alisema. Akavaa miwani, akasoma ujumbe wote tangu mwanzo. Alisoma taratibu, akisogeza kidole. Kisha akamtazama Fredi.

"Bon, sawa. Nani alitaja Mtabila wa kwanza? Ni yeye ao ni wewe?"

Fredi akasoma. Akarudia kusoma.

"Aliniuliza nimekulia wapi," alisema. "Nikamwambia Mtabila. Ndipo akasema, hata mimi."

"We ndiye ulimupa. Yeye alirudisha tu. Sasa angalia mi nitafanya nini."

Namegabe akachukua simu yake mwenyewe, akamwandikia muuzaji yule. Akasema anataka dawa ya misuli. Jibu likaja mara moja: "Karibu ndugu. Umekulia wapi?" Namegabe akaandika: "Mi nilikulia Kambi ya Birika." Kambi hiyo haipo. Aliitoa kwenye birika la chai lililokuwa mbele yake.

Tukangoja. Simu ikalia.

"Kambi ya Birika! Hata mimi nimekulia hapo. Sisi ni ndugu. Tuma pesa kwanza, nikufungie mzigo."

Namegabe alicheka mpaka miwani ikadondoka. "Mutu huyu alikulia mara ngapi? Jana Mtabila, leo ndani ya birika!"

Fredi alikuwa amekunja uso. "Lakini ana duka," alisema. "Duka liko Gitega, karibu na soko. Picha ninayo."

"Iko sawa," alisema Namegabe. "Jumanne mi nakwenda Gitega kuchukua vitenge. Twende wote, ukaone kwa macho yako. Ila ile sindano, wachia mama kwanza."

Nilinyoosha mkono. Fredi akaenda nyumbani nami, akanipa kichupa cha dawa ya kuchoma na sindano mbili, akanipa na vidonge vyote. Nilivifunga katika kitambaa. Jumatatu ikapita bila Fredi kujichoma. Nilishukuru Mungu nikiwa shambani, kwa sauti, majirani wakageuka kunitazama.

Jumanne walikwenda Gitega. Mambo ya huko alinieleza Fredi mwenyewe. Walifuata maelezo ya muuzaji hadi kwenye mlango wenye rangi ya bluu. Ndani hapakuwa na dawa. Palikuwa na fundi wa baiskeli aliyeshika mnyororo.

"Ninyi ni wa nne mwezi huu," fundi aliwaambia. "Wote wanauliza dawa. Mimi natengeneza baiskeli, miaka tisa sasa."

Fredi akampigia muuzaji. "Kaka, niko mbele ya duka lako. Toka nje nikuone."

"Nimetoka kidogo, ndugu yangu," sauti ilijibu. "Tuma pesa sasa hivi, mzigo nitamwachia dereva wa basi. Fanya haraka, zimebaki mbili tu."

"Duka lako lina mlango wa rangi gani?" Fredi aliuliza.

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, namba ya Fredi ilikuwa imefungiwa.

"Umeona?" Namegabe alimwambia. "Mi nauza kwa simu, ni kweli. Lakini muteja akisema nataka kukuona, namwambia kuja. Muuzaji anaogopa macho yako kwa nini? Na anakukimbiza kwa nini? Anataka utume pesa kwanza, mbele ya kufikiri."

Fredi alirudi jioni. Aibu ilimkaa usoni. Kesho yake asubuhi nilimpeleka kituo cha afya, na kile kitambaa mkononi. Mwuguzi wetu anaitwa Ursula. Alimpima presha, akapima tena. Akabonyeza mguu wa Fredi kwa kidole gumba. Kidole kilipotoka, shimo lilibaki.

"Unaona hili shimo?" Ursula aliuliza. "Hii si misuli, Fredi. Ni maji. Mwili wako umeshika maji, na presha imepanda. Ndiyo maana unahema."

"Mwuguzi, nitakufa?" Fredi aliuliza. Nilikuwa sijasikia sauti ile tangu alipokuwa mdogo.

"Umekuja mapema. Usimeze tena, na uje nikupime kila baada ya siku mbili. Nitachukua mkojo na damu pia, tuangalie figo na ini. Wako wanaomeza kwa miezi. Hao wasiache ghafla na wasiendelee peke yao. Waje kwanza tuwaone."

Akachukua kichupa cha vidonge, akatuonyesha karatasi iliyobandikwa juu yake.

"Mama Fredi, tazama hapa. Tarehe ya mwisho imekwanguliwa. Jina la kiwanda halipo. Mimi nimesomea dawa, na sijui ndani mna nini. Muuzaji naye hajui."

"Na kama angekuwa muuzaji wa kweli?" niliuliza. "Kama dawa ingekuwa nzuri?"

"Hata hivyo, hapana. Dawa za kukuza misuli zinaweza kuharibu moyo na ini. Zile za sindano zinaweza kumfanya mwanaume asipate mtoto. Na sindano mkishirikiana vijana, mnagawana magonjwa. Dawa ni ya mgonjwa aliyepimwa. Anainunua famasi inayojulikana, kwa karatasi ya daktari. Wewe, Fredi, unaumwa nini?"

Fredi aliinamisha kichwa. "Siumwi. Nilishindwa kubeba ingobyi."

Ursula hakucheka. "Kwa hilo kula maharage, karanga, samaki wadogo wa ndagala, na yai ukilipata. Lala vizuri. Makopo yako ya saruji utayanyanyua tena presha ikishuka, kidogokidogo. Na uende kwa mzee Gervasi, akufundishe."

"Gervasi!" tulisema wote wawili.

Alikwenda. Ilimchukua wiki mbili kupata ujasiri, na uvimbe ulikuwa umekwisha. Mashavu yake yalirudi kuwa membamba, nami nikayafurahia kuliko yale manene. Gervasi alimkalisha mbele ya nyumba.

"Siku ile kosa lako halikuwa wembamba," alimwambia. "Mimi nimebeba miaka thelathini, na wembamba wengi nimebeba nao. Ulichoka, ukanyamaza. Ulitaka tuone kwamba wewe ni mwanaume. Mbebaji akichoka anasema, mwingine anaingia. Ndiyo maana tunakwenda wengi."

Fredi alijifunza kupanga hatua na wenzake, na kubadili bega. Pia alizunguka na simu yake kwa vijana wa kilimani, akiwasomea ule ujumbe. Wawili walikuwa wameshaulizwa wamekulia wapi. Walifuta namba ile mbele yake.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha sana. Nikiwa natoka shambani na kikapu cha mihogo, niliteleza, mguu ukavunjika. Nikalazwa katika ingobyi. Nilipoinua macho, niliona kisogo cha Fredi, upande wa kulia, mbele.

Tulifika kwenye mteremko uleule. Nilishika miti ya ingobyi, nakiri. Nyuma nilisikia fimbo ya Gervasi ikigonga udongo. Jasho lilikuwa likishuka shingoni mwa mwanangu.

"Badili!" Fredi alisema kwa sauti kubwa. "Bega limechoka!"

Hakuna aliyecheka. Kijana mwingine akaingia chini ya mti wa ingobyi, Fredi akatoka, na ingobyi haikutikisika hata kidogo. Akaja kutembea kando yangu, akanishika mkono.

"Mama, umeogopa?"

"Sana, siku ile ya kichupa," nikamwambia. "Lakini siyo leo."