Mwizi Aliyetawadha

Sanduku lilikuwa wazi, kufuli limevunjwa liko sakafuni, na kamusi haipo.

Inspekta Dzombo alichuchumaa akihema. Alikuwa mtu wa Rabai, mnene, hapendi ngazi, na chumba hiki kilikuwa ghorofani, nyumbani kwa mzee Stambuli pale Mambrui. Mwaka ulikuwa 1984 na Land Rover ya polisi ilikuwa imekwama mchangani mara mbili kabla ya kufika.

"Imeandikwa kwa mkono," Stambuli alisema. "Kiswahili huku, Kiarabu kule. Ina zaidi ya miaka mia mbili. Jana nililala Kikambala, kuna mzungu pale aitaka. Narudi asubuhi nakuta hivi. Na mwizi mnaye, mwazunguka nini?"

Mwizi aliyemtaja ni Kazungu, kibarua wake kutoka Ganda. Konstebo Kamande alikuwa ameshamtia pingu uani. Patasi iliyovunja kufuli ilikuwa ya Kazungu.

"Ina alama zake za vidole, afande," Kamande alisema.

"Patasi yake. Ulitaka iwe na alama za nani? Zangu?"

Dzombo alisimama. Juu ya kabati kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye kanga.

"Kile nini?"

Stambuli alikiteremsha, akafunua pindo kidogo. "Msahafu. Hukaa humu sandukuni, juu ya kamusi."

"Mwizi aliusahau," Kamande alisema.

"Ausahau juu ya kabati? Huyu ameutoa, ameufunga nguo safi, akautafutia mahali pa juu kuliko pote humu ndani. Mwizi gani anavunja sanduku huku ana adabu?" Dzombo alionyesha pembeni. Birika lilikuwa tupu, na sakafu chini yake bado mbichi. "Nani ametawadha hapa?"

"Si mimi. Mie hutawadha msikitini."

Dzombo aliitazama ile kanga. Korosho za kijani, pindo jekundu. Akashuka uani.

"Kazungu, ulipanda juu?"

"Sijawahi, bwana. Hata kufagia anafagia Bi Fatu."

"Patasi ilikuwa wapi?"

"Kwenye ndoo, hapo bombani."

"Nani aliichukua?"

Kazungu alitazama miguu yake. "Sikuona mtu."

"Unaficha."

"Nimesema sikuona. Nipigeni basi, si ndiyo kazi yenu?"

Kamande alimsogelea. Dzombo akamzuia kwa mkono, maana mlango wa jikoni ulikuwa umefunguka. Alitoka Fatu, binti wa marehemu kaka yake Stambuli. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni. Korosho za kijani, pindo jekundu.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba. Kanga huuzwa mbili mbili, Bi Fatu. Mwenzi wa hiyo yuko wapi?"

Fatu hakupepesa macho. "Umeshamwona. Amefunga msahafu."

"Ulivunja sanduku?"

"Nilivunja."

"Na nani?"

"Na patasi ya Kazungu. Mwenyewe hamo. Mfungueni."

"Ukatawadha kwanza?"

"Sasa msahafu ningeugusa vipi?"

Stambuli alikuwa ameshuka, msahafu mkononi ndani ya ile kanga. "Wee Fatu! Wanifedhehesha mbele ya serikali?"

"Umejifedhehesha mwenyewe, ami." Alimgeukia Dzombo. "Andika vizuri. Kamusi ile aliitunga mwalimu wa chuo cha Kurani cha hapa, kwa sababu watoto walikuwa wasoma Kiarabu kama kasuku, hawajui wasemalo. Akaitoa wakfu. Haiuzwi, hairithiwi, ni ya watoto wa chuo. Mji huu ulipochomwa zamani, ilizikwa ndani ya mtungi. Mchwa wakala kurasa, bibi yangu akaziandika upya kwa mkono wake, neno kwa neno, akiwauliza wakongwe wenziwe. Bibi yumo mle. Ami ataka kumuuza bibi kwa mzungu. Nimeiba, na akiirudisha sandukuni nitaiba tena."

"Ni urithi wangu!" Stambuli alifoka. "Nimeachiwa na baba!"

"Haya. Msahafu huo mkononi mwako. Ufunue, weka mkono, uape kamusi ni mali yako. Ukiapa, nawaonyesha iliko na jela naenda kwa miguu yangu."

Stambuli aliutazama msahafu kama umeshika moto.

"Sina udhu," alisema.

"Bomba lile pale. Nikujazie birika?"

Stambuli hakwenda bombani.

Dzombo alijifuta jasho. "Kamande, mfungulie kibarua."

"Na kesi ya wizi, afande?"

"Wizi wa mali ya nani? Bwana Stambuli, ukipata la kuapa, nenda kwa Kadhi. Mimi nishachoka na ngazi zako."

"Lakini kamusi yangu iko wapi?"

"Chuoni," Fatu alisema. "Rafu ya mbele, watoto waisoma mchana kweupe. Nenda ukawapokonye, wazazi wao wakiona."

Stambuli aliingia ndani akaufunga mlango.

Kazungu alisugua vifundo vya mikono. "Bi Fatu, nilikuona ukiichukua. Siku nyingine iba na patasi yako."

"Hakuna siku nyingine," Fatu alisema. "Ile haitoki tena."