Harufu ya Plastiki Kwenye Chai

Jumatatu asubuhi walifungua kasha la chuma katika ofisi ya mali za serikali, wakakuta vumbi tupu. Kifaa kilichokuwa ndani, kidogo kama kiberiti, kilikamatwa kwa mlanguzi mpakani Gatumba. Ndicho kilichobeba ufunguo wa sarafu za kidijitali za serikali, na bila hicho hakuna awezaye kuzigusa. Mara ya mwisho kilionekana Ijumaa asubuhi. Jumatatu hiyohiyo sarafu zilikuwa ziuzwe, zinunue petroli.

Kufika Jumatano, mlinzi wa ofisi hiyo, Twalibu, alikuwa korokoroni akishukiwa wizi, na kesho yake angepelekwa gereza la Mpimba. Inspekta Nawal alijua jinsi mafaili ya maskini yanavyosahaulika kule. Alikuwa ametembea kutoka mtaa wa Mutanga Sud hadi korokoroni, maana gari la polisi halikuwa na tone la mafuta. Miguu ilimuuma, na nchi nzima ilimchosha.

"Mzee Twalibu, Ijumaa mchana ulikuwa wapi?"

"Mulangoni."

"Usinidanganye. Mi ni mutoto wa Buyenzi, najua Ijumaa mchana bazee bako wapi."

Mzee akainamisha kichwa. "Nilienda ku musikiti, swala ya Ijumaa. Funguo za kasha niliacha ku meza. Nikisema niliacha kazi, bananifukuza. Lakini mi siko mwizi, wallahi."

Huko ofisini, mkurugenzi Maxime alimpokea akiwa amefunga tai barabara. Nawal, koo limemkauka, akauliza kama chai inapatikana.

"Ile ya mama wa uani? Mi siinywi. Jamais." Maxime akamwonyesha simu. "Tazama, inspecteur. Zile sarafu, kila mutu anaweza kuziona. Hakuna hata moja imetoka. Valeur, bei yake, iko palepale, mamilioni ya dola."

"Tangu Ijumaa?"

"Tangu Ijumaa."

Nawal akamrudishia simu. Baba yake aliuza vipuri mtaani Buyenzi, na kule kipuri cha wizi huuzwa kabla hakijapoa. Mwizi gani huyu anayekalia mamilioni bila kuyagusa?

Uani, Médiatrice, muuza chai, alikuwa bado ananung'unika kando ya jiko lake la makaa.

"Mama inspecteur, Ijumaa mchana nilimwaga sufuria nzima. Chai ilinuka plastiki! Bateja bakanitukana."

"Nani alikuwa karibu na moto?"

"Patron Maxime. Alinituma sukari, akasema, enda, mi nitakuchungia moto." Médiatrice akacheka. "Mutu mukubwa vile!"

Nawal hakucheka. Alichokoa rundo la majivu nyuma ya jiko mpaka akapata donge jeusi la plastiki, na ndani yake kipande cha chuma kilichopinda. Akapanda ngazi, akaliweka mezani kwa Maxime.

"Asiyekunywa chai, sukari ya nini?"

Maxime alilitazama donge, kisha akalegeza tai.

"Niliwaambia wakubwa ni mamilioni. Nikatafuta munuaji Dubai, Nairobi, kila mahali. Bakanicheka. Zile sarafu ziko na bei ku simu tu, hakuna mutu anazinunua. Jumatatu wangejua ni bure."

"Ukachoma kifaa."

"Mali ya kuibiwa inabaki na bei yake, inspecteur. Hakuna atakayejaribu kuiuza tena." Akainama mbele, sauti chini. "Acha ibaki wizi. Serikali inabaki tajiri. Yule mzee atafungwa kidogo tu."

Kidogo tu. Nawal alidhani amechoka mno kuwa na hasira, kumbe hasira ilikuwapo, nyingi.

"Njia ya mwongo ni fupi, bwana Maxime. Simama. Tunaenda kituoni kwa miguu."

Jioni alimsindikiza Twalibu kwake Buyenzi. Mzee alitembea polepole, viatu bila kamba, maana walizichukua korokoroni. Walipita foleni ya magari yaliyosubiri petroli tangu juzi, na dereva mmoja akatoa kichwa dirishani.

"Inspecteur! Zile pesa za serikali zimepatikana?"

Nawal akamshika mzee mkono wavuke barabara.

"Pesa apana," akajibu. "Tumepata mutu wetu."